Salongo ya Simu

Jumatatu, 3 Juni
Magunia ya mchele tena, kutoka chomboni hadi depo. Mgongo umekufa. Jioni nikapita kituo cha kutafuta ndugu, kama kila Jumatatu. Wana tovuti ambako watu waliopotezana wakati wa vita huandikiana. Mimi namtafuta Salima, dada yangu. Tulikimbia pamoja kutoka Kabambare, tukatengana njiani. Alikuwa mdogo.
Mama Faida, anayeangalia kompyuta, akanionyesha ujumbe ulioingia. Mwingi ajabu, wote wa dawa za nywele na bahati nasibu. Anasema hao si watu, ni mashine zinazojaza fomu. Kama Salima ameandika, yuko chini ya takataka hiyo. Nina hasira.

Jumatano, 5 Juni
Mama Faida ataweka kinga ya kuzuia mashine hizo. Nikauliza kama itataka jina na namba ya simu. Wakati wa vita, kwenye kizuizi, walisoma majina kutoka karatasi. Aliyesomwa hakupita. Baba alisomwa. Tangu hapo sipendi kuulizwa jina, na Salima hawezi kupenda.
“Hapana, papa,” akasema. “Hii haiulizi jina. Inataka kazi tu.”
Kazi gani? Hakunieleza, alikuwa na haraka. Nimebeba swali hilo pamoja na magunia.

Ijumaa, 7 Juni
Leo Mama Faida amenieleza, nimeelewa! Ndani ya ukurasa kuna maandishi, yanaitwa JavaScript. Ukituma ujumbe, yanaipa simu yako hesabu: ijaribu namba hii, ijaribu ile, mpaka ipate inayofaa. Mwenye simu hafanyi lolote. Hachagui picha kuthibitisha kuwa ni mtu, wala hakuna kampuni ya mbali inayomfuatilia. Anayetuma mara moja, kazi yake ni ndogo. Mashine inayotaka kutuma mara elfu itavunjika mgongo.
Nikakumbuka salongo, kazi ya pamoja ya kijiji kwetu. Nikamwambia, “Njo salongo hiyo! Kila mutu alime kipande yake ya barabara, halafu apite.”
Akacheka. Akasema niache magunia nije kufundisha. Nimetembea na furaha mpaka nyumbani.

Jumanne, 11 Juni
Tangu kinga iwekwe Jumamosi hakuna takataka. Mama Faida anaimba. Lakini hakuna hata ujumbe mmoja wa kweli. Zamani walikuwa hawakosi wawili watatu kwa siku. Wako wapi?
Nikatoa simu yangu ya kioo kilichopasuka, nikaandika: jaribio. Ikazunguka. Ikawa moto. Nikamaliza muhogo wangu wote, bado inazunguka. Betri ikaisha.
Kumbe Mama Faida aliipima hesabu hiyo kwa kompyuta yake mpya tu. Nikamwambia kwa ukali: kwetu siku ya salongo mama yangu mzee alipewa ufagio, jembe nilipewa mimi. Akachaji simu yangu, akapunguza hesabu, akapima, akapunguza tena. Mwisho, sekunde nne.

Jumamosi, 15 Juni
Ujumbe kutoka Obokote. Hauna jina.
“Nimejaribu siku nyingi, simu inazimika. Natafuta kaka yangu. Tulipokimbia alinivalisha kiatu chake kimoja, yeye akabaki na kimoja. Kama ni wewe, sema kilikuwa cha rangi gani.”
Nimeusoma nimesimama. Kisha nimeketi.
Nikaandika kwa simu yangu: kijani, cha plastiki, cha mguu wa kushoto. Nikabonyeza. Simu ikaanza kulima kipande chake. Moja, mbili, tatu, nne.
Imekwenda.
Mama Faida amezima redio. Tunaangalia kompyuta.