Viazi vya Dahlia vya Mama

Oatlands, Tasmania
14 Mei 1994

Dada yangu mpenzi Thelma,

Pokea salamu zangu nyingi, na nyingine za pekee kwa goti lako la kushoto, ambalo nadhani bado linaninunia kwa sababu ya ngazi zangu. Natumaini ulifika Hobart salama na ukamkuta paka hajakonda. Mimi sijambo. Nyonga yangu mpya inanifikisha hadi kwenye sanduku la barua na kunirudisha, na fimbo nimeanza kuisahau ovyo, jambo ambalo ungekuwepo ungelifokea.

Asante, dada. Wiki sita uliniosha, ukanivisha soksi, ukanipikia supu ya kondoo, wala hukunung'unika hata siku moja. Nilipokuwa kitandani nilijua kulalamika tu. Sasa nimesimama, nashukuru kwa moyo wangu wote.

Habari za bustani najua unazitaka, ijapokuwa ulikataa kuigusa. Jalidi ya kwanza ilianguka siku tatu baada ya wewe kuondoka, nyasi zote zikaamka nyeupe. Clive wa nyumba ya pili, yule mkata manyoya ya kondoo mstaafu, alikuja asubuhi hiyohiyo na toroli lake bila kuitwa. Akatazama, akatikisa kichwa, akaniuliza kama hii ni bustani au malisho, maana kondoo mia wangeshiba humu. Nikamwambia afunge mdomo, afungue kibanda cha zana.

Amefanya kazi siku nne, Mungu ambariki. Majani ya mwaloni ameyakokota kwa reki na kuyarundika nyuma ya kibanda yaoze. Kisu cha mashine ya nyasi alikiinua, kwa sababu zikikatwa fupi mno wakati huu baridi inazichoma hadi mizizini. Palipokanyagwa pakawa pagumu alipatoboa kwa uma, kisha akamwaga mbegu kwenye vipara. Nikamwambia abakize kidogo za kupanda kichwani mwake. Akasema, "Huku majira yalishapita zamani, bibi wewe!" Nyanya mbichi tumezichuma zote na nimepata chupa tisa za achari. Vitunguu saumu vimelala chini ya mabua ya njegere na mlimau umevaa gunia. Mimi nilikaa kitini nikitoa amri, na Clive akasema aliwahi kukata manyoya chini ya msimamizi mkali zaidi yangu, ila yule hakuwa na fimbo.

Tulimalizia kwa dahlia za mama, yale maua mekundu yenye ncha nyeupe. Jalidi ilikuwa imezigeuza nyeusi, kwa hiyo saa ya kuzing'oa ilikuwa imefika. Clive alichimba, tukaviosha viazi vyake vya mizizini, nami nikavigawa kwa kisu mezani jikoni. Akaokota kimoja kinene nilichokitupa kwenye ndoo, akataka kujua mbona natupa kizuri hivyo. Nikamweleza kwamba kiazi cha dahlia kisicho na jicho la kuchipukia shingoni, pale kinapoungana na shina, hakioti hata ukibembeleze vipi. Kitakaa udongoni mpaka kioze.

"Kumbe!" akasema. "Sasa mtu asiyejua si atamwagilia mpaka Krismasi, bure kabisa?"

Nikaweka kisu chini nikalia. Maskini, alidhani ni nyonga.

Dada, mtu huyo ni wewe. Majira ya kuchipua yale baada ya kumzika mama, miaka kumi na tisa iliyopita, niligawa viazi vyake kwenye meza hii hii. Macho ya viazi yalikuwa yameshavimba, mekundu kama vichwa vya pini. Nikachagua viazi vitano vinono, vyote bila jicho, nikavifunga kwa gazeti nikakupa. Nilijua nifanyalo. Nilimuuguza mama miaka minane, na siku ya mwisho jina aliloita lilikuwa lako. Wivu ulinila.

Ulipoandika kuniomba radhi kwamba umeliua ua la mama, nilikujibu kwamba watu wengine hawana mkono wa bustani. Ukaniamini. Ukamwita fundi akamwaga zege uwanja mzima wa nyumba yako. Na mwezi uliopita, nilipokuomba umwagilie dahlia, ulificha mikono nyuma ukasema hapana, utaziua. Mikono hiyohiyo ilikuwa imetoka kunivisha soksi.

Hukuua kitu, dada. Ni mimi. Nisamehe ukiweza, na usipoweza bado nitakushukuru kwa zile wiki sita.

Jumanne Clive anakuja Hobart kwa daktari wa meno. Atakuletea chupa mbili za achari na sanduku la vumbi la mbao lenye viazi vitano. Viweke mahali pakavu pasipo baridi, uvipande mwishoni mwa Oktoba. Nimevikagua kimoja kimoja kwa miwani. Vikague na wewe, usiniamini.

Ndani ya gari atakuwa na nyundo kubwa ya kuvunjia zege. Nimemwambia asiishushe mpaka wewe mwenyewe umwambie.

Msalimie paka, ulilinde goti, na ukipata nguvu ya kuniandikia hata mstari mmoja, niandikie.

Ni mimi mdogo wako, mwenye shukrani na haya,

Rhonda