Mchezo Ambao Fiston Hakuumaliza

Jumanne, Katoyi.

Na bado wenzangu kazini walimpigia makofi! Fiston, ninayeishi naye chumba kimoja, alisema leo katika kipindi chake redioni kwamba ule mchezo wa simu wa mtu anayetembea kurudi kwao haufai kitu. Aliucheza jioni moja tu, akauachia kwenye daraja.

Sisi tulikuwa tunapasua mawe ya volkano huku redio ikiongea. Nikapiga kelele: "Hajaumaliza! Anahukumu nini?"

"Papa Élie, wivu itakuua," mwashi mmoja akanicheka. "Mboga ya sombe ikiwa na muchanga, utamaliza sahani yote ndiyo useme?"

"Muchanga unausikia mudomoni palepale. Lakini safari, mutu anaijua akifika."

Wakazidi kucheka.

Ni kweli nina wivu, na si wa redio tu. Fiston anaweza kuacha safari njiani kwa sababu mama yake yuko hapahapa mjini, Kituku, anamkaangia samaki wadogo wa sambaza kila Jumapili. Mimi kwetu ni Masisi, na tangu vita vipite kule sijapata habari yoyote ya nyumba yetu.

Jioni hii Fiston akanipa simu yake. "Basi malizia wewe, muzee. Ukiniambia mwisho ni muzuri, nitajisahihisha redioni."

Nikacheza, nikavuka daraja, nikamfikisha yule mtu hadi mlangoni kwao. Kilichobaki ni kubisha tu.

Nikamrudishia simu, nikamwambia usingizi umenishika.

Sasa yeye ndiye anayekoroma, nami niko macho, nawaza kama nyuma ya mlango ule kuna mtu.