Alichokiona Muosha

Mombasa, 4 Septemba 1963

Mama yangu Biasha,

Shikamoo. Mimi mzima, ila rangi ya gereji inanikohoza. Goti lako je?

Mama, Bwana Kaptula ameleta gari lake la mashindano. Anarudi kwao kabla ya Uhuru, na mnunuzi wa Ulaya analitaka kama lilivyotoka kiwandani. Nimepewa kazi ya kuchunguza kipi ni cha asili na kipi kilibadilishwa. Fremu na injini ni zake. Uso si wake. Ulibadilishwa mwaka wa hamsini na nane, mwezi ule baba alipogongwa njia ya Ramisi, naye Kaptula akaapa kortini kwamba ni lori la miwa. Wavu wa mbele wa zamani nimeukuta stoo, umebonyea. Matundu yake ni kama sega la nyuki.

Wewe ndiye uliyemwosha baba. Uliona nini? Nataka ushahidi.

Mwanao, Mwero

Msambweni, 15 Septemba 1963

Mwanangu Mwero,

Marahaba. Goti hunisumbua asubuhi tu, alhamdulillahi.

Umeniuliza jambo zito. Muosha hasemi alichokiona kwa maiti, ni amana. Hata dada yangu sikumwambia. Lakini ikiwa ni kwa ajili ya korti, Mungu anisamehe. Mfupa wa paja ulikuwa nje. Kifua kilikuwa kimeingia ndani, kila nilipommwagia maji yakituama pale. Na tumboni, juu ya ngozi, palikuwa na sega la nyuki. Nililipapasa kwa kidole. Mikono yake bado ilinukia miwa.

Nenda kwa wakili.

Mama yako

Mombasa, 27 Septemba 1963

Mama,

Shikamoo. Natumai u mzima.

Ule wavu nimeunyoosha kwa nyundo na kuurudisha mahali pake. Kaptula akanipiga begani: "Sasa hili ndilo gari langu, boi! Umejuaje kwamba huu ndio wenyewe?" Nikamwambia, "Nina shahidi, bwana." Akacheka.

Wakili gani, mama? Korti ni ile ile hadi Desemba, na Desemba yeye hayupo. Jumapili tarehe sita atalijaribu hadi Ramisi, akawaage wenzake. Breki nimezishughulikia mwenyewe. Siku hiyo usikaribie barabara.

Mwanao

Msambweni, 8 Oktoba 1963

Mwanangu Mwero,

Mimi mzima. Wewe sijui.

Barua yako imefika jana, Jumatatu. Jumapili tulilisikia likinguruma, na kwenye kona ya kisimani halikupunguza mwendo. Kache, binti wa jirani yetu Mapenzi, alikuwa akivuka na ndoo kichwani. Lilimburuta hadi kwenye mkorosho, likapinduka. Usukani ulimwingia Kaptula kifuani. Alikoroma muda mrefu, watu wakimtazama tu. Nikamshika mkono mimi. Alikuwa akimwita mamake.

Kache nimemwosha. Nilichokiona sikuandikii.

Inspekta alikuja matangani kuuliza nani alizitengeneza zile breki. Nilikuwa mkeka mmoja na Mapenzi, ameniegemea. Nikasema: mwanangu. Mapenzi akakiondoa kichwa chake begani mwangu.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, ikuwahi kabla yao. Usikimbie. Wakukute umekula.

Mama yako