Mashimo ya Muhanga

Jumanne jioni, Mbinga

Mbayuwayu wa bluu wamerudi na mvua, wachache kuliko mwaka jana, na hawana pa kutagia.

Ni mimi, afisa wanyamapori, niliyewaita wanakijiji kwenye msaragambo, kazi ya pamoja, kiangazi. Tukafukia mashimo yote yaliyochimbwa na muhanga, yule mnyama mla mchwa, kwenye nyasi za hifadhi, eti ng'ombe wanaopotelea hifadhini wasivunjike miguu. Nilijisifu hata kwenye ripoti. Kumbe wale ndege hujenga viota ndani ya mashimo yale. Leo wamezunguka juu ya udongo tulioushindilia mpaka nikashindwa kutazama.

Bibi Kapinga, anayelima ngoro zake, mashamba ya vishimo mlimani, pembeni mwa hifadhi, alikuwepo. "Mwanangu, si ungetuuliza? Sisi tunajua tangu utoto."

Nikamjibu kwamba lilikuwa agizo kutoka juu.

Agizo lilikuwa langu. Hakuna aliyeniagiza.

Akanipa pole, akaanza kufukua shimo kwa jembe lake. Nilimpokea, nikachimba mimi. Naogopa tumechelewa, mwakani huenda wasije kabisa.

"Afadhali wewe," akasema, "siyo kama hao wakubwa wako."

Nikaendelea kuchimba.