Nukta ya Kiberiti

Jumatatu, 3 Machi

Meneja kaniletea rejista ya zizi zima, farasi thelathini na wanane. Chama cha mbio hakitaki tena urefu wa farasi kwa viganja, kinataka kwa sentimita. Kesho asubuhi! Nikamwambia hiyo ni kazi ya kikombe kimoja cha chai. Kiganja ni sentimita 10.16, unazidisha, basi.

Kiberiti, farasi wa mpwa wangu, ameandikwa 14.3. Nimezidisha mara mbili: 145.3. Mwisho wa urefu kwenye mbio za farasi wadogo, Jumamosi hii, ni 148. Anaingia! Binti huyo karuka hadi kaangusha ndoo. Fomu ya kujiandikisha nimemjazia mimi, yeye kaweka saini tu.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Wametimka vizuri. Dada kapiga simu — eti mwanawe hali, halali, ni Kiberiti tu mdomoni. Nikajisifu kidogo kwa hesabu zangu. Sawa, si kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikuwa nairudisha rejista kabatini, jicho likanasa. 14.1. 15.2. 13.3. Hakuna .4. Hakuna .7. Farasi wote hao, na hakuna hata mmoja mwenye .5!

Nikamfuata mzee anayepima farasi hapa zizini. Akacheka. Akasema hiyo nukta si ya desimali, inatenga viganja na inchi. Kiganja kina inchi nne; ya nne ikitimia, umeshapata kiganja kingine. Kwa hiyo Kiberiti ni viganja kumi na vinne na inchi tatu. Inchi 59.

Sentimita 149.86. Amezidi! Na kujiandikisha kwenye mbio za farasi wakubwa kulifungwa jana. Anayedanganya urefu anafungiwa mwaka mzima, na mdanganyifu ni mwenye saini. Saini ya mtoto wa dada yangu.

Nikampigia meneja nimwambie. Alipopokea nikamuuliza kama majani makavu yamefika. Mwoga mkubwa mimi!

Jumamosi, 8 Machi

Saa mbili asubuhi, uwanjani. Naandika nimekaa juu ya ndoo. Daktari wa mifugo anapima farasi wadogo wote kabla ya mbio. Wawili mbele yetu. Binti bado hajui. Nimefungua mdomo mara tatu. Mara ya tatu akanipa brashi nimshikie. Mikono yake imetulia kabisa.

Mmoja mbele yetu. Naomba Kiberiti azame kwenye tope. Sentimita mbili tu, jamani!

Zamu yetu. Daktari anauliza fomu kaijaza nani. Binti ananinyooshea kidole, anacheka hadi jino la mwisho. “Mama mdogo wangu. Kahesabu mara mbili. Huyu hakosei, daktari.”

Kijiti cha kupimia kinashuka mabegani mwa Kiberiti. Daktari anainama kusoma. Nimesimama, kalamu bado mkononi, binti ananitazama, nasema, “Daktari, nimekosea mimi, ile nukta —”