Ua la Njano Ulilomkatia Kondoo

S.L.P. 86,
Cheptiret.
Mei 14, 2024.

Mpendwa Wahu,

Habari za Lodwar, mwanangu? Kile kikohozi kimeisha? Sisi huku tuko wazima, ila baridi ya asubuhi inatutoa machozi. Anti yako Ciru bado anajisifu kanisani kwamba mpwa wake ni mwalimu Turkana.

Nimekupigia siku mbili na simu haiingii, kwa hivyo nimempa Kibet, yule dereva wa lori la viazi, akuletee barua hii.

Kwanza nikucheke. Nilikuomba mmea mzima unaomlisha kondoo wako, nawe ukanitumia majani laini na ua, umeyachambua kama mboga ya terere ya kupika! Bahati nzuri tunda moja lilikwama kwenye kitambaa ulichoyafungia, likamdunga anti yako kidole. Hapo sikuhitaji kitabu. Petali tano za njano, vijani viwili viwili vya kukabiliana, shina ulilosema linatambaa mchangani, na tunda la miiba linalotoboa slipa. Hiyo ni mbigili. Nimefundisha kilimo miaka thelathini, usiende kuuliza mwingine.

Sasa huyo kondoo uliyeniandikia kwamba amevimba uso na masikio. Wenyeji huacha kondoo watembee, wale hiki kidogo na kile kidogo. Wewe mtu wa Uasin Gishu ukamfunga kamba, ukamkatia mzigo wa mbigili kila siku kama unalisha ng'ombe wa gredi! Mbigili ikizidi, hasa iliyonyauka, huumiza ini, na ngozi ikashindwa kuvumilia jua. Mweke kivulini saa hii, usimpe tena hata jani, na umwite daktari wa mifugo. Akiwahiwa anaweza kupona.

Lililoniumiza ni kusoma kwamba unataka kuomba uhamisho kabla Mama Akiru hajajua kwamba kondoo anaugua. Mama wa watu alikupa nyumba ya kupanga, akakupa na kondoo wa kukukaribisha, halafu umtoroke? Hapana, Wahu. Sikukulea hivyo. Mwambie kwa mdomo wako kwamba ulikosea ukidhani unamtunza kondoo. Akikasirika, kaa hapo hapo akukasirikie mpaka amalize.

Binamu zako Nyakio na Amos wanakusalimu sana. Mungu akupe moyo wa kusema ukweli, na akulinde huko.

Mpe Mama Akiru salamu zangu, lakini ukishamwambia, si kabla.

Akupendaye siku zote,
Anko Wachira