Mtu wa Mishipa

Alhamisi, baada ya mvua. Joto limerudi kabla matope hayajakauka. Nimejifungia katika chumba cha picha hapa hospitalini Kindu, na sitaki kuonana na mtu.

Komisere, mkuu wa serikali hapa kwetu, bado hajasaini karatasi yangu ya kutoka nchini. Bila saini yake sipati pasi, na kule Ubelgiji nafasi yangu ya maabara wataishikilia mpaka mwisho wa mwezi tu. Zimebaki siku tisa.

Kosa ni langu. Nakiri hapa, ambapo hakuna wa kunicheka.

Wiki iliyopita, ofisini kwake mtaa wa Kasuku, aliniuliza ninakwenda kusoma nini. Ningejibu kwa Kifaransa kirefu, angepiga muhuri kwa heshima tu. Badala yake nikajifanya mtoto wa nyumbani. Nikasema, nikimwita "mwananchi" kwa Kifaransa kama sheria inavyotaka: "Mishipa, Sitwayeni Komisere."

Kwangu mimi mishipa ni njia za damu. Miaka miwili kule Ubelgiji nilikaa mbele ya kompyuta, napokea picha za kichwa cha mgonjwa zilizokatwa vipande vyembamba kama mkate, na mashine inavipanga upya mpaka mshipa unasimama mzima kwenye kioo. Unatia alama ndani yake, mashine inaufuata tawi kwa tawi. Ikipotea ikaingia kwenye mfupa, unairudisha kwa mkono. Kisha unaugeuza, unautazama kwa nyuma, unapima palipobana na palipovimba, na mgonjwa hajaguswa na kisu. Sijawahi kupenda kazi namna ile. Hapa nina mashine moja ya kupiga picha za mifupa, na wiki hii jenereta haina mafuta.

Lakini kwa Komisere, kama kwa wazee wengi wa hapa, mshipa ni ule mmoja tu, ngiri, unaoshuka kinenani na ambao mwanaume hausemi mbele za watu.

Alinitazama kwa mapenzi kabisa. "Kumbe weye njo mutu ya mishipa! Basi unaenda wapi? Hapa kwetu mishipa iko mingi!"

Tangu siku ile wazee wananisalimu kwa mikono miwili. Mmoja ametoka Kampene juu ya lori, amekalia mto njia nzima. Mke wangu anacheka mpaka anashika mlango. Mimi sicheki.

Leo asubuhi Komisere mwenyewe kaja, koti lake la abakosi, vazi la wakubwa wa serikali, limefungwa mpaka shingoni, akasukuma mlango nyuma yake. Nikamwambia ukweli: mimi ni mtu wa picha, mshipa wake huo sijausomea. Hakukasirika.

"Kama haujue mushipa yangu, unaenda kusoma nini kule? Na kama unajua, namna gani nitakuacha uende?"

Nimeyageuza maneno hayo siku nzima, sijaona pa kupenya.

Kisha akajilaza mezani. Hata asiyesomea angeona: uvimbe mgumu, haurudi ndani, jasho linamtiririka. Alikuwa akitapika tangu jana. Mtu wa namna hiyo akicheleweshwa, anakufa.

Na mimi nilinyamaza.

Si muda mrefu. Lakini nilinyamaza nikiwaza kwamba naibu wake husaini chochote anachowekewa mbele. Naona aibu kuyaandika haya. Yalinipitia kichwani, wala sikuyafukuza mara moja. Ndipo Komisere akanishika mkono, akauliza kwa sauti ndogo kama atapona, na nikatoka mbio kumwita mpasuaji wetu.

Amepasuliwa kabla ya adhuhuri. Amepona. Mpasuaji amesema tungechelewa mpaka jioni ingekuwa basi.

Alasiri nilipita wodini. Amezinduka, bado ulimi mzito, naibu na wauguzi wamemzunguka. Akaninyooshea kidole mbele yao wote. "Huyu njo aliniponyesha. Mimi nikiwa muzima, huyu hatoki Kindu."

Wakapiga makofi. Nikacheka nao, ningefanya nini?

Kesho lazima niende kumjulia hali. Karatasi imekunjwa hapa mfukoni, na naibu atakuwapo. Je, nitathubutu kuitoa? Na mbona nafsi yangu inaendelea kupiga hesabu ile ya asubuhi, ya Komisere kufa na naibu kusaini, kana kwamba sijachelewa bado?